Ini la Ngisi na Maji Yasiyo na Kitu

Sikai. Dada yangu amenivuta gauni, muuguzi amenionyesha benchi, na mimi bado nimesimama hapa dirishani kwenye koridoo ya maternite, wodi ya wazazi, nikiandika kwa simu. Ninyi vijana wa labo, maabara yetu ya mawe, mmenisumbua katika grupu yenu tangu nilipostaafu: Mama Labo, tuandikie mambo ya kazi. Haya, leo nina mikono isiyo na la kufanya na moyo usiotulia, basi pokeeni. Nikikatiza habari mtanisamehe, maana mlango wa chumba cha upasuaji uko mbele yangu, na kila ukifunguka naacha kuandika.

Ndani yumo Nsimire, mtoto wa dada yangu Chantal. Anazaa kwa kupasuliwa, kabla ya wakati, kwa sababu figo zake zimechoka na daktari hakutaka kungoja zaidi. Ametueleza waziwazi: mtoto hampi wasiwasi mwingi, ila baada ya upasuaji watatazama kama figo za mama zinaamka na kutoa mkojo. Hicho ndicho tunachongojea. Chantal anasali rozari, na mimi napima koridoo kwa miguu.

Mtauliza, figo za Nsimire na labo ya madini wapi na wapi. Vimekutana kwenye ini la ngisi. Tulieni nieleze, ingawa mwenyewe kutulia kumenishinda.

Wale wapya hawajui tulivyofanya kazi zamani katika comptoir, zile nyumba za kununua madini. Mawe yaliingia kwa magunia, tukayasaga kwenye kinu, tukayayeyusha, tukapitisha maji yake kwenye moto wa mashine. Kila metali ilikuwa na taa yake. Unaweka taa ya zinki, mashine inakuambia zinki. Unataka risasi, unabadili taa. Ninyi leo mna bunduki ya kupimia: unaielekeza kwenye gunia, unabonyeza, unasoma, unaenda kunywa chai. Siwaonei wivu. Asidi imenitoboa magauni mengi, na kikohozi cha moshi wake ninacho mpaka leo.

Aliyenifundisha ni Papa Deo, mkuu wetu wa labo, mtu wa upande wa Bukavu kama mimi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuwa na maneno mengi. Kila asubuhi kabla ya kugusa jiwe lolote alipima maji matupu: maji safi, asidi ileile, chupa ileile, moto uleule. Tuliyaita blanc. Mashine ikisoma sifuri, kazi inaanza. Isiposoma sifuri, hakuna kazi. Nilipokuwa mgeni nilimpelekea vipimo vizuri vya risasi, nimejaa furaha, lakini blanc sikupima. Akaimwaga ile chupa kwenye sinki mbele yangu, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Anza na maji, mama. Maji ikionyesha madini, basi madini iko kwako wewe.”

Nilichukia, nikaenda kulia kwenye chumba cha mizani. Baadaye nikaona jinsi mtu yule alivyotuokoa na aibu nyingi, na sasa maneno yake nayasema mimi hata kwa watu wasiouliza.

Mlango umefunguka. Ni mtu wa usafi na ndoo yake. Naendelea.

Dada yangu Chantal ana malewa kule Majengo, chumba cha mbao cha kulia chakula, benchi mbili, jiko nje. Watu walimfuata kwa sambaza, vile visamaki vidogo. Mnajua sambaza za ziwa letu zinavyoliwa: nzima, kichwa na tumbo, hakuna anayezipasua. Sasa duka moja lililokuwa linauzia mahoteli vyakula vya baharini lilipata shida ya umeme. Maboksi ya ngisi yaliyotoka pwani yameganda yakawa yanayeyuka, umeme ukirudi yanaganda tena, wenye hoteli wakayakataa, na Chantal akayapata kwa bei ya chini. Alikuwa hajawahi kuona ngisi maishani mwake. Akafanya kama mtu yeyote wa Goma angefanya: wadogo akawatia kwenye mafuta wazimawazima, akawaita sambaza za bahari.

Wateja walicheka kwanza, kisha wakarudi. Wale ngisi wakubwa ndio waliomletea sifa zaidi. Ukimpasua ngisi unakuta ndani kitu kirefu, laini, rangi ya kahawia, kina mafuta. Chantal alikiita ini. Alikiponda na pilipili, nyanya na kitunguu, akapata mchuzi mzito wa kuchovyea fufu. Niliula, na sitawadanganya, ulikuwa mtamu sana.

Nsimire ndiye aliyekuwa akipika na mama yake, kwa hiyo alikula kila siku, masalio ya sufuria yakiwa yake. Na Nsimire aliugua figo akiwa mtoto mdogo, akavimba uso na miguu, tukadhani tutamzika. Alipona, lakini daktari alisema figo zile zitunzwe maisha yote. Familia nzima tulijua. Hakuna aliyewaza kwamba kumtunza kungeanzia kwenye mchuzi.

Mimi niliwaza kwa bahati tu. Nilimwuliza Papa Deo kama amewahi kula mdudu huyo wa baharini, nikamweleza lile ini. Aliacha kufuta miwani. Akaniambia aliwahi kusoma, alipokuwa shule, kwamba wanyama wa jamii ya pweza na ngisi wana damu ya buluu kwa sababu hewa ndani yake inabebwa na shaba, si chuma kama yetu. Na shaba hiyo, pamoja na metali nyingine zinazotoka kwenye chakula chao, inawekwa katika lile ini. Akataja zinki, fedha, na ya mwisho akaitaja polepole: kadimi. Tuliijua kadimi. Hujificha ndani ya mawe ya zinki, na taa yake tulikuwa nayo kabatini. Tulijua pia inapokwenda ikiingia kwa mtu. Inakwenda kwenye figo, na haitoki.

Nilikimbia kwa Chantal siku hiyohiyo kuomba ini moja. Hofu ilinishika hata nikasahau mwavuli labo.

Hapa ndipo palipotokea kisa ambacho kingetokea labo ya mawe tu. Papa Deo mwenyewe alisema tufanye haraka. Tukalikausha ini, na kama ilivyokuwa desturi yetu kwa kila kitu kilichoingia mlangoni, likapelekwa kwenye chumba cha kusagia, kwenye kinu kilekile cha mawe. Kinu kilikuwa kimesafishwa kwa mchanga mweupe, kama kawaida, na kwa mawe usafi ule unatosha kabisa. Tukapima blanc: sifuri. Tukapima ini. Bati likaruka. Risasi ikaruka. Zinki ikapanda mpaka mashine ikakataa kusoma. Papa Deo alivua miwani, akaivaa tena, akasema hii si samaki, hii ni mine, mgodi mzima.

Sijui ni nani aliyelipeleka neno hilo nje. Labo ina kuta nyembamba. Kufika jioni mjini kulikuwa na habari kwamba kuna mnyama wa baharini mwenye madini tumboni, na asubuhi wafanyabiashara watatu, watu wazima wenye makoti, walikuwa mlangoni kwa Chantal wakitaka kununua matumbo kwa kilo. Mmoja aliuliza kama bahari hiyo ina mwenyewe au mtu anaweza kuomba kibali. Chantal alidhani wamelewa. Walipoeleza wametumwa na habari ya labo ya mdogo wake, hakucheka. Na wateja nao waliposikia wanalishwa mawe, benchi zake zikabaki tupu siku hiyo.

Kosa lilikuwa rahisi kulikuta tulipotulia, nami nataka mlishike kuliko yote niliyoandika. Maji yetu matupu hayakupita kwenye kinu. Yalianzia kwenye chupa, ini likaanzia kwenye kinu, na vumbi la mawe ya miaka mingi likaingia ndani ya ini. Blanc ilisema kweli, ila ilikuwa kweli ya nusu ya safari. Papa Deo alikiri mbele yetu sote, akasema kuanzia siku ile blanc lazima itembee njia yote anayotembea mgonjwa, toka mlangoni mpaka kwenye moto. Aliita kila kipimo mgonjwa, yule mzee.

Basi tukarudia kwa adabu. Hakuna kinu. Chupa zililala kwenye asidi usiku kucha. Jikoni kwa Chantal nilipeleka kisu cha plastiki na ubao mpya, na kabla ya kumgusa ngisi nilimwaga maji safi juu ya kisu na ubao huo, nikayakusanya. Hiyo ndiyo blanc. Nilichukua nyama ya ngisi aliyeganda vizuri tangu mwanzo, nyama ya aliyeyeyuka na kugandishwa tena akiwa na matumbo ndani, na ini peke yake.

Bati hakuna. Risasi karibu hakuna. Kile kicheko cha bahari yenye kibali kiliisha hapo. Lakini shaba ilikuwepo kwenye ini, zinki pia, na tulipoweka taa ya kadimi, ini likapanda juu kabisa wakati nyama safi haikutikisa mshale. Na ile nyama ya ngisi aliyeyeyuka na kugandishwa tena? Ilikuwa katikati. Ini lilikuwa limepasuka kwa baridi, likavuja, na kadimi ikahamia kwenye nyama. Kwa hiyo ngisi mwenyewe anajua kazi yake: anakula, anatenga, anafunga ile metali ndani ya protini za ini lake isimdhuru, nyama yake inabaki safi. Ni sisi na umeme wetu wa kwenda na kurudi tunaomwaga ghala.

Nilimpelekea Chantal habari. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua uso.

“Ya kwanza mulisema ni mine,” alisema. “Leo ni sumu. Kesho itakuwa nini?”

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wateja walikuwa wameanza kurudi, mchuzi ulikuwa unachemka palepale, na Nsimire alikuwa akilamba mwiko huku ananitazama kama mtu anayesikiliza ugomvi wa wakubwa. Mara nyingi katika kazi hii utapata kipimo sahihi na hakuna wa kukiamini, kwa sababu kile kibovu kilitangulia. Nililala vibaya siku nyingi. Nilipita malewa kila jioni nikitafuta sababu ya kuonja sufuria, mpaka Chantal akaniambia nimekuwa mlinzi wa mchuzi.

Papa Deo ndiye aliyesema tuache kumshawishi, tumwite. Akamfungulia labo Jumamosi, jenereta ikawashwa, naye Chantal akaja amevaa kitenge cha kanisa, Nsimire nyuma yake. Papa Deo hakueleza chochote, alisema tu kwamba blanc lazima itembee njia yote. Alimpa Chantal chupa aoshe kwa mikono yake. Akampa maji. Chantal mwenyewe akakimwagia kisu maji, akayakusanya, akayaleta kwenye moto. Sifuri. Akaambiwa arudie. Sifuri. Alikata nyama mwenyewe, akakata ini mwenyewe, na tulipomaliza kuyeyusha yeye ndiye aliyeshika kile kimpira chembamba kinachonyonya maji kupeleka kwenye moto. Nyama: karibu sifuri. Ini: akaona namba zikipanda, akatoa mkono kama aliyeungua.

Nilidhani ataomba kurudia. Badala yake alimtazama Papa Deo, akamwonyesha Nsimire kwa kidevu.

“Na yenye iko mu mwili ya mutoto wangu? Muitoshe, papa. Vile munatoshaka mu mawe.”

Alikuwa anatuomba tuitoe kadimi mwilini mwa mtoto wake, sisi tunaotoa metali kwenye mawe kila siku. Papa Deo alisema haiwezekani. Jiwe tunaliyeyusha lote, mtu haiwezekani. Ngisi anaishi muda mfupi, mwaka hivi, anakufa na ghala lake. Mtu anakaa na lake miaka na miaka, na ghala lake ni figo. Kinachowezekana ni kutoongeza. Nsimire alikuwa msichana wa kumaliza shule wakati ule, akajibu yeye kabla ya mama yake kwamba basi hataongeza. Mimi nilitoka nje, nikalia nyuma ya jenereta ambapo hakuna wa kunisikia.

Chantal ameniuliza naandika nini ndefu hivi. Nimemwambia nawaandikia watoto wa labo habari ya mchuzi wake. Amesema niandike pia kwamba ulikuwa mtamu. Nimeshaandika.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Chantal hajatupa chakula maishani mwake. Mchuzi aliuacha, matumbo akawapa bata wake. Bata wakanenepa, wakang'aa. Krismasi ilipofika tulialikwa, na nikamwona anamwekea Nsimire kwenye sahani kitu cha pekee, kitamu, cha kumwongezea damu: maini ya bata. Niliinuka mezani, nikachukua ile sahani mikononi mwa mgonjwa wangu bila kuomba ruhusa. Wageni walidhani nimeshikwa na wazimu. Vijana, metali haifi. Haiozi, haiungui, haichoki. Ukiitoa ghala moja inatafuta lingine, na wanyama wote wenye ini na figo ni maghala. Siku hizi matumbo wanayachanganya na majivu kwenye ndoo yenye kifuniko, yanaenda na takataka. Hapa kwetu ardhi ni lava yenye matundu, ukichimba shimo kila kitu kinashuka kuelekea ziwani, na ziwani kuna sambaza. Sijapata jibu linaloniridhisha. Mkilipata niandikieni.

Nsimire ndiye mwenye malewa sasa. Ngisi bado anawapika, kwa sababu nyama yao haina kosa. Mkimkuta kazini mtaona: hangoji ngisi ayeyuke. Anamshika mwili ukiwa bado mgumu, anavuta kichwa taratibu, na tumbo lote linatoka limeganda, ini zima halijapasuka, mfuko wa wino umelala juu yake. Ngisi aliyelainika ndani ya boksi anamrudisha dukani, hata muuzaji aape vipi. Sambaza za bahari zimekufa. Wateja wa zamani wanaziulizia, yeye anawacheka.

Alipopata mimba, baada ya madaktari kumtisha mwaka mzima, hakuja kuniuliza habari ya figo zake. Alikuja kuniuliza kama yale yaliyomo ndani yake atampa mtoto. Nilisoma usiku na mchana, mimi niliyestaafu. Nikamwambia nilichokuta: kondo la nyuma linazuia kadimi, si yote, lakini sehemu kubwa, na mtoto anazaliwa akiwa karibu hana. Hewa inapita, chakula kinapita, hiyo inabaki mlangoni. Aliniomba nirudie. Kisha akashika tumbo, akaniuliza kama basi yule wa tumboni ametembea njia yote, kama blanc. Nikasema ndiyo, njia yote. Sikujua kwamba Jumamosi ile ya labo alikuwa amesikiliza kiasi hicho.

Kama mchuzi ndio uliozimaliza figo zake, sijui. Zilikuwa dhaifu kabla. Hakuna mashine itakayoniambia, na ndiyo sababu sikai, wala nyumbani, wala kanisani, wala hapa.

Mlango. Subirini.

Ni mtoto. Msichana, mdogo, ana hasira. Muuguzi amempa Chantal, rozari imeanguka chini na hakuna aliyeiokota. Nimeuliza habari ya mama, wamesema wanamshona, mfuko wa mkojo bado mtupu, tungoje. Nimerudi dirishani. Siwezi kumtazama mtoto kabla sijasikia habari ya mfuko ule, Mungu anisamehe.

Nimezunguka koridoo mpaka mlinzi ameniuliza kama nimepotea.

Muuguzi ametoka tena. Ameniita mimi, si Chantal, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesimama. Amesema mkojo umeanza kuingia, kidogo, lakini unaingia, daktari ameridhika kwa leo. Maisha yangu yote nimesoma namba za kila aina, na hakuna iliyonipa furaha kama ile ya mkojo kidogo ndani ya mfuko wa plastiki. Nimekaa. Andikeni kwamba nimekaa.

Wametuingiza kwa dakika chache. Nsimire ana midomo mikavu, macho hayajafunguka vizuri. Chantal amemwuliza anataka nini, maji, shuka, padri. Ametikisa kichwa, akanitafuta mimi kwa mkono.

“Mama mudogo,” alisema, “munipatie blanc yangu.”

Nikamchukua mtoto kwa bibi yake, nikamweka kifuani pake.